Duka la Makafi Nyuma ya Ukuta wa Pwani, Lamu



Majuma mawili yaliyopita niliwaaga wanafunzi wangu wa madrasa hapa Mombasa nikaenda Lamu kuhudhuria nikahi ya mtoto wa ndugu yangu. Aliyewahi kufika huko ajua kwamba gari humfikisha abiria Mokowe tu, kisha bahari humpokea. Habari za harusi nawaachia wenye harusi. Nimekusudia leo kuwasimulia wasomaji wetu habari za duka dogo nililoliingia kutafuta pima chache za kamba ya kufungia sanduku, nikatoka na jambo ambalo halijanitoka moyoni hadi sasa.

Lamu ni mji ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na wageni wengi huja kutazama milango yake ya nakshi. Duka hili halina nakshi wala kibao cha jina. Limejificha kichochoroni, hatua chache kutoka ukuta wa pwani, na makafi yaliyoegemezwa kando ya mlango ndiyo yanayomwambia mpita njia kinachouzwa ndani. Mna mafungu ya kamba, nanga za chuma, ndoana zilizopangwa kwa ukubwa wake, mishipi, chubwi, misumari ya mashua, pamba ya kalafati, na madebe ya sifa ambayo harufu yake humfuata mtu hadi msikitini. Kando ya vitu hivi vya kale zimewekwa kurunzi za kuvaa kichwani na mifuko isiyopenya maji. Na uani zimelazwa kayaki mbili za plastiki, moja nyekundu na moja ya manjano, ambazo mwenye duka huwakodisha vijana na wageni wapendao kupiga kafi kandokando ya mikoko ya upande wa Manda.

Mimi ni mtu wa pwani, lakini nilisoma vitabuni zaidi ya nilivyosoma baharini, na nilikuwa nikidhani kafi na kasia ni kitu kimoja. Mwenye duka, mzee mwenye kofia ya vito na miwani iliyofungwa kwa uzi wa mshipi, alinirekebisha kwa upole. Kasia, alisema, hufungwa ubavuni mwa chombo, na mvutaji huipa mgongo njia aendayo; kafi haifungwi popote, huwa mikononi mwa mwenyewe, naye hutazama mbele. Alinipa moja niishike. Ilikuwa nyepesi kuliko nilivyotarajia.

Saa za duka hilo hazifuati saa ya ukutani. Hufunguliwa baada ya sala ya alfajiri, kwani wavuvi hupitia hapo kabla ya kushuka. Kisha mambo yote huenda kwa maji. Yakiwa yamekupwa, barazani hukaa watu wanaosubiri; yakijaa, baraza hubaki tupu. Mzee hana kalenda nyingine ila ile ya mwezi wa Kiislamu. Ajua kwamba mwezi ukiandama na ukitimia, maji ya bamvua yanakuja, kupwa na kujaa hutofautiana kwa mita 3 na zaidi, na mikondo huwa mikali. Na kati ya nyakati hizo mbili ni maji mafu, ambapo bahari hutulia. Basi mtu akiuliza leo ni tarehe ngapi, mvuvi aliyeketi hapo humjibu bila kufikiri, ilhali sisi wa mjini hugombana kila Ramadhani.

Madeni huandikwa daftarini. Nilimwona kijana akichukua kamba na ndoana kwa ahadi ya kulipa bamvua likipita, na mwenye duka akaandika bila kumwomba sahihi. Mama mmoja mwenye buibui alileta kafi iliyopasuka akauliza kama yaweza kuungwa. Mzee akaitazama, akatikisa kichwa, akampa nyingine na kuandika nusu ya bei. Nilimwuliza je, haogopi hasara? Akasema, "Maalim, akienda na kafi mbovu asirudi, nitamdai nani?"

Tulipokuwa katika mazungumzo hayo, aliingia mtoto wa kiume, umri wake kadiri ya miaka kumi, ametumwa ndoana na babake. Akanitazama sana. Kisha akamwambia mwenye duka, kwa sauti ya mtoto asiye na nia mbaya, "Huyu ndiye maalim aliyekalia jaketi."

Wasomaji wangu, sina budi kueleza. Siku niliyovuka kutoka Mokowe, kusi ilikuwa ikivuma na maji yalikuwa na mawimbi mafupi. Nahodha alitugawia majaketi ya kuokoa maisha. Langu lilikuwa na unyevu na lilinuka dizeli, nami nilikuwa nimevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi kwa ajili ya harusi. Nililikunja, nikaliweka juu ya ubao, nikalikalia ili kanzu isichafuke. Abiria mmoja aliponitazama nilisema, "Mlinzi ni Mwenyezi Mungu," na watu wakaitikia. Mbele yangu alikuwa mtoto huyo pamoja na mamake, amefungwa jaketi lake barabara. Alinitazama, akafungua kamba zake, akalivua. Mamake alipomkemea, alininyoshea kidole. Nami, Mungu anisamehe, nilitabasamu.

Mtoto alichukua ndoana zake akaenda. Mwenye duka hakunilaumu. Alinimiminia kahawa, akanisogezea kikombe, kisha akasema, "Mdogo wangu alikuwa hodari wa kuogelea, na hakuacha sala hata moja. Mashua yao ilipinduka usiku penye mkondo. Tulimpata siku ya pili." Akanyamaza kidogo. "Mimi ni muuza kamba, maalim. Ile Hadithi ya ngamia naisikia mimbarini tangu utoto. Khutba ya jaketi sijaisikia."

Hadithi aliyoikusudia ni mashuhuri. Ameipokea Imam Tirmidhi, na maana yake ni kwamba mtu amfunge ngamia wake kwanza, kisha ategemee. Nimeifundisha kwa miaka mingi. Nimewafundisha pia watoto kuhesabu kwa vidole mambo matano ambayo sheria imekuja kuyahifadhi: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Siku ile ndani ya mashua niliihifadhi kanzu. Na neno nililolitamka lilikuwa neno la haki, ila nililitumia kufunika uvivu na kujipenda, na mtoto akalipokea kama ilmu. Wazee wetu husema chombo hakiendi ila kwa nyenzo, na hawakuona kwamba nyenzo humpunguzia mtu tawakali.

Kesho yake nilirudi dukani kuuliza nyumba ya mtoto yule. Mwenye duka alikuwa hajui. Alisema wanatoka upande wa Faza, na huenda walikwisha ondoka na maji ya asubuhi. Nilinunua jaketi moja nikaliacha hapo, litolewe bure kwa mtoto yeyote atakayelihitaji. Niliporudi Mokowe nilivaa nililopewa, juu ya kanzu ile ile. Lilinichora mstari mweusi kifuani ambao dobi ameshindwa kuutoa.

Ijumaa iliyopita nilitoa khutba ya jaketi. Wapo waliocheka mwanzoni, kisha wakanyamaza. Nanyi mnaovuka Mokowe, mnaovuka kutoka Shimoni kwenda Wasini, au popote penye chombo kidogo, nawaomba mvae, hasa nyinyi wazee ambao watoto huwatazama. Na ikiwa gazeti hili litafika Faza, katika nyumba ya mtoto aliyetumwa ndoana na babake, basi mzazi wake na amsomee haya, amwambie kwamba maalim alikosea, na kwamba yeye na mamake ndio waliokuwa wamepatia.

Wabillahi tawfiq.