Si Lazima Ulie Ndio Upewe Taji

Wiki tatu zilizopita binamu yangu alinitumia fomu kwa WhatsApp saa tano usiku, na ujumbe mmoja tu: "Nisaidie, wewe ndio unajua kuongea."

Ilikuwa fomu ya shindano la urembo hapa Nairobi. Sitasema ni lipi. Mwanzo ilikuwa ni mambo ya kawaida: umri, urefu, saizi ya kiatu. Halafu chini kulikuwa na maswali matatu. Umetoka wapi? Unataka kufika wapi? Ni tukio gani maishani hutawahi kulisahau? Majibu yote yaje kwa video ya dakika mbili.

Sasa, video ndio kazi yangu. Ukinipa dakika mbili najua watu wataanza kuondoka sekunde ya ngapi, na najua kitu kinachowazuia wasiondoke. Machozi. Nikamwambia tukutane Jumamosi Adams Arcade, avae nguo ya kawaida, asijipake kitu.

Ili uelewe kosa nililofanya, lazima kwanza umjue anti yangu. Huyo ndiye mama ya binamu. Anauza nguo za watoto Toi, ile soko ya mitumba iliyo nyuma ya Adams. Ukishuka mat hapo Ngong Road unafuata tu watu wenye mifuko mikubwa, utafika. Amekuwa hapo tangu kabla sisi tuzaliwe. Soko imewahi kuungua zaidi ya mara moja, na kila ikiungua anarudi, anakopa chama, anaanza tena na robota moja. Hiyo biashara ndio imelipa kodi ya nyumba ya vyumba viwili. Ndio imepeleka binamu bodingi na sanduku limejaa hadi likakataa kufunga. Manze, huyo msichana hajawahi kulala njaa. Kitu kibaya zaidi kiliwahi kumpata ni dawa ya nywele.

Hiyo dawa aliwekwa saloni moja akiwa amemaliza tu form four. Kila msichana aliyesoma shule ya kunyoa anajua hiyo haraka: miaka minne kichwa kama yai, karatasi ya mwisho inaisha Ijumaa, Jumatatu uko saloni unataka nywele za miaka minne kwa siku moja. Ikamchoma. Nywele zikatoka mafungu mafungu. Tangu hapo anavaa wigi, na chini ya wigi ako na nywele fupi hivi, za kinyozi.

Kwa hiyo Jumamosi hiyo tulikuwa na kazi mbili: video, na wigi mpya ya jukwaani. Ile aliyokuwa anataka ilikuwa elfu kumi na tano. Hiyo pesa alikuwa amuombe mamake.

Video nikafanya mimi. Nilimpeleka Kibera, kwa nyumba ya mabati ambayo si yao, nikamkalisha mlangoni, nikaomba watoto wacheze nyuma yake. Maneno niliandika mimi mwenyewe kwa simu. "Nimetoka kwa maisha ya shida. Kuna siku tulikuwa tunalala bila kula. Lakini mama alinifundisha kutokata tamaa." Alirudia mara nne hadi sauti ikakatika vizuri pale kwa "bila kula". Nikamwambia hiyo ndio, hiyo ndio, usiguse tena.

Jioni tukaenda Toi kumsaidia anti kufunga. Akaona tumeinamia simu, akaomba kuona. Nilimpatia bila kufikiria. Aliangalia yote, dakika mbili, ameshikilia kaptula ya mtoto kwa mkono ule mwingine. Ikaisha. Akakunja kaptula, akaiweka kwa zingine. Halafu akauliza, pole pole tu, bila hasira:

"Hiyo siku mlilala njaa ni gani? Niambieni tarehe, nikumbuke nilikuwa wapi."

Hakuna mtu alijibu. Tulifunga vitu kimya, tukabeba, tukaenda.

Usiku huo nilishindwa kulala, na si kwa sababu ya binamu peke yake. Nyinyi mnaonifuata kitambo mnakumbuka niliwaambia niliacha yuni mwaka wa pili sababu ya karo. Ile video ndio ilinileta wengi wenu. Ukweli ni kwamba karo ilikuwa imelipwa. Niliacha kwa sababu nilikuwa nachukia kozi yangu, na nilikuwa nimeanza kuruka madarasa nikipiga video. Lakini "nilichoka" haina machozi. "Karo" iko nayo. Kuna mzazi fulani alijinyima akalipa, halafu mimi nikamtoa kwa hadithi ili ikae vizuri. Kwa hivyo ujuzi niliotumia kwa video ya binamu haukuwa mpya. Nilikuwa nimeanza na mamangu.

Ndio nikaanza kutafuta mashindano ya zamani, nione kama kuna mtu aliwahi kusimama pale bila kuuza shida. Wakenya tuko na wetu wa kujivunia. Evelyn Njambi aliingia tano bora ya Miss World mwaka wa 2016, na mwaka uliofuata, 2017, Magline Jeruto akaingia tano bora tena. Lakini yule aliyenikalisha kitako ni jirani, Mtanzania. Flaviana Matata.

Wengi wetu tulikuwa watoto wachanga wakati huo, kwa hivyo nipe dakika. Mwaka wa 2007 Tanzania ilituma mrembo Miss Universe kwa mara ya kwanza kabisa. Fainali ilikuwa Mexico City, tarehe 28 Mei, warembo 77. Flaviana alikuwa na miaka 19, amesomea mambo ya umeme chuo cha ufundi Arusha. Yaani fundi. Na alikuwa amenyoa kichwa. Si nywele fupi za mtindo, nasema kunyoa. Kwa jukwaa ambalo nywele ndefu ni kama sehemu ya sare, yeye alitembea na kichwa kitupu, akaingia kumi bora.

Angalia picha zake za usiku huo. Watu wa mbali waliona kitu cha ajabu, cha kisasa. Mimi niliona kitu ninachokijua. Hicho ni kichwa cha shule! Shule nyingi za serikali Tanzania wasichana wananyoa, na hapa Kenya ni hivyo hivyo kwa shule nyingi. Ni kichwa cha paredi ya Jumatatu asubuhi, kile sisi wote tunakimbia kuficha tukimaliza form four. Yeye alikitoa nje, akakibeba hadi Mexico, mbele ya dunia nzima. Miaka 12 baadaye, Desemba 2019, Zozibini Tunzi wa Afrika Kusini alishinda Miss Universe na nywele zake fupi za asili, na dunia ikashangilia. Sawa. Lakini jirani yetu alikuwa amepita njia hiyo mapema.

Halafu nikasoma sehemu ya pili ya maisha yake, nikaweka simu chini kidogo.

Tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilizama Ziwa Victoria karibu na Mwanza, ikitoka Bukoba. Watu zaidi ya 800 walikufa. Mama yake Flaviana alikuwa mmoja wao. Flaviana alikuwa na miaka minane. Piga hesabu: kutoka siku hiyo hadi usiku wa Mexico ni miaka 11 na wiki moja.

Huyo ni mtu ambaye swali la "tukio ambalo hutalisahau" lingemtoa machozi bila mtu kumwandikia maneno. Hakuhitaji kuazima nyumba ya mabati. Alikuwa na lake. Na bado, jina lake likitajwa, kitu cha kwanza watu wanakumbuka ni kile kichwa na vile alitembea. Ile huzuni aliipa kazi nyingine. Baadaye akiwa modo New York, alipeleka jaketi za kuokoa maisha kwa meli za ziwa lile lile. Mwaka wa 2011 akaanzisha wakfu wake, Flaviana Matata Foundation, unaosomesha wasichana na kusaidia shule, kama ile ya msingi ya Msinune, Bagamoyo. Na akaanzisha biashara ya rangi ya kucha, Lavy. Fundi wa umeme anauza rangi ya kucha, na hakuna mtu anamuuliza kwa nini.

Sasa najua kuna mtu atasema: kwani tusiseme shida zetu? Semeni. Kama ulilala njaa, sema, na usione haya, kwa sababu haya si yako. Ninachokataa ni hii tabia ambayo mimi mwenyewe nimeisaidia kukua: kila msichana akisimama mbele ya majaji lazima kwanza awe ameteseka ndio aonekane ni wa maana. Hiyo inaumiza watu wawili kwa mpigo. Inaumiza yule aliyeteseka kweli, kwa sababu sasa hadithi yake inafanana na zile za kuandikwa kwa simu. Na inaumiza mzazi aliyepigana usiteseke. Yule anti wa Toi alifanya kazi miaka ishirini ili ile sentensi ya "tulilala bila kula" isiwahi kuwa kweli. Mimi niliifanya kuwa kweli kwa dakika mbili, bure.

Jumatano nilimpigia binamu. Nikamtumia picha za Flaviana, nikamwambia kuhusu ile meli, nikamwambia na ile ya karo yangu. Alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Basi futa ile. Na hiyo elfu kumi na tano siombi."

Tulirekodi upya kwa kibanda cha mamake, nguo za watoto zimening'inia nyuma, bila wigi. Umetoka wapi? Toi, kibanda cha nguo za watoto. Unataka kufika wapi? Alisema anataka duka lenye mlango wa chuma na bima, ili soko ikiungua tena mamake asianze na robota moja. Hiyo sikumwandikia, na sikuwa nimewahi kuisikia.

Tukio ambalo hatalisahau? Nilidhani atasema moto. Akasema ni siku nywele zilitoka. Alikuwa analia chooni, mamake akafunga kibanda saa sita mchana, kitu ambacho hafanyi hata akiwa mgonjwa, akampeleka kwa kinyozi hapo karibu na Adams. Akakaa kwa benchi akingoja. Kinyozi alipomaliza, mamake alimwangalia, akatoa shilingi hamsini, wakirudi akamnunulia hereni kubwa za duara. Akamwambia, "Sasa shingo yako inaonekana." Ni hizo hereni alikuwa amevaa kwa video.

Tulituma. Majibu bado, na anaweza kukosa. Ile ya kwanza, kama mtu wa kazi hii, nakuambia ingefanya vizuri kuliko hii. Sitakudanganya hapo.

Jana anti aliomba kuona hii mpya. Nilimpatia simu nikiwa na wasiwasi kuliko siku ya mtihani. Aliangalia yote. Ilipofika kwa kinyozi alicheka peke yake. Mwisho kuna sehemu fupi anaonekana nyuma akipanga soksi, leso imelegea kichwani. Akairudisha hapo mara mbili, akaniangalia.

"Kwa nini hamkuniambia nijifunge leso vizuri?"

Anataka turudie hiyo sehemu. Nimemwambia imeshatumwa. Hataki kusikia.