Bustani ya Gunia Katika Nyika ya Leparua

Leparua ni nchi ya wafugaji katika Kaunti ya Isiolo, Kenya, jirani na hifadhi ya wanyama ya Lewa. Msafiri atokaye mji wa Isiolo huona huko migunga, vumbi na mbuzi wakichungwa. Bustani za mboga ni adimu. Mboga za soko la Isiolo nyingi hutoka nyanda za juu za Meru, na mwenye kuzitaka sharti awe na fedha.

Fedha za mfugaji hutoka zizini. Lakini tangu mwisho wa mwaka 2020 hata mwanzo wa 2023, mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo kaskazini ya Kenya, na mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa. Aliyepoteza mbuzi wake alipoteza maziwa, na fedha za kununulia mboga pia. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, humpa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha. Haki hiyo ni njema, lakini haki peke yake haijazi sufuria. Yahitaji maarifa na maji.

Maarifa yanayoifaa Leparua yamekwisha kujaribiwa mahali pasipodhaniwa, yaani mtaa wa Kibera, Nairobi. Huko, mwaka 2008, shirika la Kifaransa liitwalo Solidarités International lilianza kuwafundisha wakazi wasio na shamba kulima mboga ndani ya magunia.

Kazi hii hufundishwa kwa mikono. Udongo huchanganywa na samadi iliyooza vema. Kopo kubwa lililotolewa kitako husimamishwa katikati ya gunia na kujazwa mawe madogo. Udongo hutiwa pembeni, kisha kopo huvutwa juu na kujazwa tena, hata gunia lijae. Hivyo hubaki nguzo ya mawe, nayo huyafikisha maji penye mizizi ya chini. Mwisho matundu hutobolewa ubavuni, na miche ya sukuma wiki hupandwa humo.

Mtu wa Kibera alikosa ardhi. Mtu wa Leparua anayo ardhi, na samadi imejaa zizini. Akosacho ni maji. Basi asimwage ovyo maji yaliyooshea mboga na nafaka, bali ayatie guniani. Tena azungushe ua wa miiba, kwani mbuzi haheshimu bustani ya mtu.

Gunia haliwezi kushika mahali pa ng'ombe, wala haliiondolei serikali wajibu wa kuleta maji. Mama atembeaye mbali kuteka maji asiongezewe mzigo: heri nyumba ianze na gunia moja linywalo kila siku kuliko magunia kumi yaliyokauka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.