Tarehe Ndefu

Siku ya kuniaga, mwaka 2020, ofisa mmoja alisimama mbele ya walimu na wazazi akasema mimi nilizaliwa na wito wa ualimu. Watu wakapiga makofi. Nikainamia soda yangu nikacheka kimoyomoyo. Kazi hii niliiingia kwa mlango wa uani.

Nilitaka kuwa nesi. Baba alikuwa mkata mkonge katika mashamba ya Kimamba, wilayani Kilosa, hadi bei ya mkonge ilipoanguka akarudia jembe. Mwaka 1973, nikiwa darasa la tano, ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Redio Tanzania ilitoa vipindi, na watu wazima walikaa vikundi kusikiliza, halafu wakajadiliana kwa kufuata vijitabu walivyogawiwa. Kikundi chetu kilikutana chini ya mwembe wa jirani mwenye redio. Kiongozi wake macho yalikuwa yamechoka, basi akaniita niwasomee. Mtoto wa miaka 13 nawasomea baba zangu habari za safura, kichocho na kuharisha! Nilipofika kwenye choo, wanaume walianza kukohoa.

Wiki iliyofuata baba alichimba. Hakusema neno. Alichimba shimo likamzidi kimo, nami nimesimama ukingoni napokea ndoo za udongo, nikimtazama alivyolowa jasho kwa maneno niliyoyasoma mimi. Hapo ndipo nilipojua kazi niitakayo ni ya namna hiyo. Kwa kuwa mtu pekee niliyemjua mwenye kazi ya namna hiyo alikuwa nesi aliyekuja kuchanja watoto, nikajiona ndani ya gauni lake jeupe. Njia ya kulifikia gauni lenyewe sikuijua, wala nyumbani hapakuwa na wa kumwuliza.

Nikamaliza darasa la saba mwaka 1975. Waliochaguliwa kwenda sekondari walikuwa wawili, nami sikuwamo. Lakini mwaka uliotangulia, mwezi Novemba, TANU ilikuwa imekutana Musoma na kuazimia kwamba watoto wote wenye umri wa kwenda shule wawe darasani ifikapo 1977. Mpango wa awali ulisema 1989. Miaka 12 ikakunjwa kama mkeka. Madarasa wananchi wangejenga kwa tofali zao, walimu je? Jibu likawa sisi, watoto wa la saba. Tungefundisha asubuhi na kufundishwa mchana, hukohuko vijijini. Mwaka 1976 jina langu likatoka. Nilikuwa na miaka 16, na baadhi ya wanafunzi wangu walinizidi kimo.

Mpango ule uliitwa UPE, na watani wakaufasiri kuwa Ualimu Pasipo Elimu. Iliniuma, maana haikuwa mbali na kweli. Mratibu alikuja na baiskeli yake, akatukalisha kwenye madawati ya watoto waliokwisha kwenda nyumbani, akatupa somo. Usiku nilisoma vijitabu kwa koroboi, asubuhi nikayatoa yaleyale kabla hayajapoa. Nilikuwa mbele ya darasa kwa siku moja, na mara nyingine sikufika hata hiyo siku moja.

Siku moja ninayoikumbuka nilipewa darasa la nne, mwalimu wake alikuwa anaumwa. Somo lilikuwa kujumlisha sehemu. Nikaandika ubaoni nusu kujumlisha nusu, nikajumlisha vya juu, nikajumlisha vya chini, nikapata mbili ya nne. Mtoto mmoja akanyoosha mkono. Mama yake alikuwa anauza maandazi. "Mwalimu, andazi nusu na andazi nusu si andazi zima? Hilo lako mbona limebaki nusu?" Darasa likacheka. Nikamchapa fimbo mbili.

Usiku ule nilikata karatasi vipande, nikaviunganisha na kuvitenga mpaka koroboi likaisha mafuta. Mtoto alikuwa na haki yake. Asubuhi nilimwita mbele, nikafuta, nikaandika moja, nikamwomba radhi wenzake wakisikia. Mwalimu mkuu aliniita ofisini akaniambia mwalimu haombi radhi kwa mtoto, heshima itakwisha. Labda kwake ingekwisha. Kwangu iliyokwisha ni hofu, maana tangu hapo nilipokwama nilisema, "Hapa sijui, kesho tutalitazama pamoja," na watoto wakaja kesho yake wamelala na swali.

Mengine ni ya kila mwalimu: zamu mbili kwa siku, watoto wanaoandikia mchangani, mishahara ya kuchelewa, kozi za kupandisha daraja nilizosoma nikiwa na mtoto mgongoni. Gauni jeupe sikulivaa, ila akina mama walinigongea mlango usiku na kadi za kliniki. "Mwalimu, hebu nisomee, wamesema mara ngapi kwa siku?" Nami namsomea, namwambia arudie, na akikosea hatoki mpaka apatie. Hilo nalo sijui niliweke kwenye ualimu au unesi.

Nilipokuwa natayarisha mafao, ofisi ilitaka nieleze nilivyoajiriwa mara ya kwanza. Nikajaza tarehe tu. Yaliyobaki hayakuwa na nafasi kwenye fomu.

Mzee mwenyekiti wa kijiji alikuja nyumbani jioni, wakati ule wa kutafuta walimu wa UPE. Alikuwa bado anahangaika na herufi kwenye kisomo cha watu wazima.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kalamu unayo? Niandikie majina."

Akanitajia wavulana wawili. Nikaandika. "Basi," akasema, "hao wanatosha." Mkono wangu ukaendelea kwenda. Akauinamia akiufuata kwa macho.

"Na hapo umeandika nini?"

"Tarehe, mzee."

Akaichukua karatasi, akaisogeza kwenye mwanga wa moto, akaitazama kwa muda. Midomo yake ilikuwa ikichezacheza, kama ya mtu anayeunganisha silabi.

"Tarehe ndefu hiyo," akasema. Akaikunja, akaitia mfukoni, akaaga.