Nilijiita Msanii Nikaukimbia Ufundi

Nilitengeneza tovuti nzuri ambayo waliokuwa na haja nayo hawakuweza kuisoma. Kosa lilikuwa langu. Ninaliandika kwa sababu vijana wengi wanaoingia kwenye ubunifu wa tovuti wanaanzia pale pale nilipoanzia mimi: wana jicho la rangi na herufi, na wanaamini kwamba msimbo ni shughuli ya mtu mwingine.

Mimi nilitokea kwenye brashi. Nilikuwa mchora mabango Turiani na Madizini, jirani na kiwanda cha sukari cha Mtibwa: maduka ya dawa, saluni, migahawa. Nilipohamia kwenye kompyuta nilijifunza upesi kila kilichofanana na kuchora, na kisichofanana nikakiacha. Nikiulizwa kuhusu HTML, msimbo wa kurasa za wavuti, nilijibu kwamba mimi ni msanii. Jibu hilo lilinipa ruhusa ya kutojifunza.

Kikundi cha wakulima wa iliki kutoka vijiji vya milima ya Nguru, juu ya Turiani, kiliniomba tovuti. Shida yao ilikuwa wazi. Msimu wa mavuno dalali hupanda na gari, hutaja bei anayoitaka, na mkulima asiye na mnunuzi mwingine huikubali. Walitaka mfanyabiashara wa Kariakoo au Morogoro mjini aione iliki, aione bei, kisha apige simu.

Nilichora kwa moyo wote. Nyuma niliweka picha ya msitu wenye ukungu, na juu yake nikaandika kila kitu kwa herufi nilizozichora mwenyewe: majina ya vijiji, bei ya kilo, namba ya simu. Kisha nikahifadhi ukurasa mzima kama picha, zenye upana wa pikseli 4000, nikazipanga kwenye kiolezo nilichokipata tayari. Siku ya kuwaonyesha nilitumia kompyuta mpakato yangu, mafaili yakiwa humo humo ndani. Ukurasa ulifunguka papo hapo. Wakafurahi, wakanilipa.

Baadaye katibu wao aliniita nyumbani kwake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanipa simu yake nifungue tovuti. Kioo kilibaki cheupe. Nikasema ni mtandao. Tukatoka uani, tukasubiri tena. Picha ikaanza kushuka kutoka juu, kipande baada ya kipande, na kabla haijafika kwenye bei ukaingia ujumbe kwamba kifurushi kimekwisha.

“Mwanangu,” aliniuliza, “kila anayetaka kujua bei yetu sharti anunue bando kwanza?”

Sikuwa na jibu. Wakati ule ndipo nilipoelewa kwamba sikuwahi kuifungua kazi yangu kwenye simu ya mtu mwingine.

Usiku ule nilipiga hesabu ambayo nilipaswa kuipiga mwanzoni. Ukurasa ulikuwa na uzito wa megabaiti 9, yaani megabiti 72. Mtandao unaopitisha megabiti 1 kwa sekunde ungehitaji zaidi ya dakika nzima kuufungua, na kioo cha simu ya katibu kilikuwa na upana wa pikseli 720 tu. Na kwa kuwa maneno yalikuwa ndani ya picha, ukurasa haukuwa na maandishi ya kusomwa na mitambo ya kutafuta, wala na programu zinazowasomea wasioona.

Hasara yenyewe ilitokea kabla sijarekebisha. Bei ya iliki ilipanda. Katibu hakuweza kuibadilisha, kwa sababu ilikuwa imechorwa. Alinipigia, nilikuwa na kazi nyingine, nikamwomba asubiri. Mnunuzi akaja na bei ya zamani kwenye simu yake, na wao, kwa kulinda neno lao, wakamuuzia kwa bei hiyo. Nilirudisha malipo yangu. Tofauti ya bei sikuifidia. Msimu uliofuata wakarudi kwa dalali.

Dawa ya kosa langu ilikuwapo siku nyingi. Håkon Wium Lie alipendekeza lugha ya CSS mwaka 1994, na Desemba 1996 ikawa kanuni rasmi ya wavuti, ili maneno yabaki maneno na mwonekano wake uelezwe kando. Mwaka 2010 Ethan Marcotte, mbunifu, alieleza jinsi ya kuufanya ukurasa ujipange kulingana na upana wa kioo. Hata rangi ina kipimo: miongozo ya wavuti inataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandharinyuma yake kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1. Nilipojifunza kupima hivyo, jicho langu halikupoteza kitu. Nilianza kujua kwa nini rangi fulani husomeka kwenye jua la mchana na nyingine haisomeki.

Jambo hili ningepaswa kulijua tangu enzi za brashi. Sikuwahi kuchanganya rangi kabla ya kuukagua ukuta: ni wa bati au wa tope, jua linaupiga saa ngapi, msomaji atapita kwa miguu au kwa gari. Hayo yote yalikuwa ufundi, nami niliyahesabu kuwa sehemu ya usanii wangu. Kwenye wavuti, ukuta ni simu ya msomaji, mtandao wake na bando lake. Nilikataa kuukagua nikidhani nalinda kipaji.

Kwa hiyo, ukipewa kazi, acha maneno yawe maandishi. Punguza picha mpaka zilingane na kioo. Mwoneshe mteja namna ya kubadilisha bei mwenyewe. Kisha ifungue tovuti kwenye simu ya mtu atakayeitumia, kwa bando ulilolinunua wewe, kabla hujapokea malipo. Ikikwama, utakuwa bado na nafasi ya kuirekebisha. Mimi niliifungua hivyo baada ya kulipwa, na gharama wakaibeba wenye iliki.