Mkuki wa nkambo na mkuki wa resori

Mu nyumba nyingi za Lubumbashi kuna kitu kimoja cha bankambo kilichotoka kijijini. Kwetu, pale Katuba, kilikuwa mkuki. Baba aliupokea kwa baba yake, mtu wa upande wa Kabongo, akautundika juu ya mlango wa salo. Kwa sisi Baluba mkuki si silaha tu. Pamoja na shoka na ile fimbo ya kibango, ulionyesha nani ana neno mu jamaa, na ukoo wake umetoka wapi.

Baba alifariki mwaka 2003. Matanga ilijaa watu, wengine hatukuwajua. Siku ya mwisho, mama mukubwa, ambaye alipokuwa msichana ndiye aliyeupaka mawese, aliomba aushike. Akauzungusha, akanyamaza, kisha akasema: « Mutoto, hii haiko ya nkambo yako. Mukono yangu haiiyue. »

Nilifikiri ni uchungu wa kufiwa. Kwa macho yangu ulikuwa uleule: urefu ule, kutu ile, waya ile ya shaba shingoni. Hata hivyo nikaupeleka kwa mzee mmoja, mfundi wa kufua majembe. Kwa saa moja alinifundisha mambo niliyopaswa kujua zamani.

Kwanza, chuma. Bankambo waliyeyusha mawe kwa makaa, na chuma chao kilibaki na uchafu ndani. Kutu ikikila, mistari inaonekana kama nyuzi za mti. Nyundo nayo inaacha mabonde madogo. Huu wetu ulikuwa na unene mmoja, na chini ya kutu kulikuwa mikwaruzo ya diski: ni resori ya gari! Pili, pahali mti unapoingia. Mfundi wa zamani alikunja chuma kuzunguka mti, na mara nyingi aliacha ufa. Huu ulichomelewa kwa umeme. Tatu, waya. Bayeke wa Bunkeya walijua kuvuta waya wa shaba kwa nguvu ya mikono, na waya yao haiko sawasawa. Hii ilitoka mu kable ya umeme. Nne, mti. Mkono hulainisha pale unaposhika tu, lakini huu ulikuwa mweusi kote na ulinuka siraje.

Akanionya: « Alama moja haitoshe. » Mti wa zamani uliweza kuvunjika, wakatia mwingine, waya ya duka iliweza kufungwa kwa chuma cha kweli. Lazima kuangalia yote pamoja.

Nani aliubadilisha? Hatukujua. Jamaa tukaanza kutazamana kwa mashaka, na mpaka leo ndugu wawili hawasalimiani. Hasara hiyo inapita bei ya mkuki.

Sisemi vibaya wanaotengeneza mifano. Anayepiga shaba au kuchonga malakiti anakula jasho lake. Uongo unaanza pale mtu anaposema kitu cha jana ni cha bankambo. Iko sheria ya tarehe 15 Machi 1971 inayolinda mali ya utamaduni ya nchi yetu, lakini nani atatafuta kitu ambacho mwenyewe hakukiandika? Sisi hatukuwa na picha yake hata moja ya karibu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama kwako kuna kitu cha namna hiyo, kipime leo. Kipige picha pande zote, hasa pahali penye kasoro, maana kasoro ni ngumu kuiga. Andika majina ya wote waliokipokea, mbele ya mashahidi. Na uende kuzoeza macho yako mu Muze ya Lubumbashi, iliyoanzishwa mwaka 1946.

Nilitaka kuutupa ule wa resori. Mama mukubwa akakataa: « Uache palepale, batoto baulize. » Wakiuliza, ninawaonyesha alama ya kuchomelea, halafu ninawaeleza ule mwingine ulikuwa namna gani.