Injini Yazunguka, Haiwaki

Wenye malori ya zamani wengi wamezoea kuuza mfugo kabla ya kuuliza. Wiki ya mavuno jirani yetu alikuwa amekwisha kumfunga kamba mtamba wake ampeleke mnadani, apate fedha ya betri mpya na kabureta mpya. Lori lake la petroli lazunguka tu, haliwaki. Magunia ya watu yako uani, na mawingu yakusanyika.

"Mwalimu, betri imekufa," alituambia.

Tukamjibu, "Mzee wetu, betri iliyokufa haizungushi injini."

Injini ya namna hii hutaka mambo matatu: petroli iliyochanganyika na hewa, kushindiliwa kwa hewa hiyo ndani ya silinda, na cheche kwa wakati wake. Kuyapima hakugharimu kitu, nasi twashangaa kuona watu wakinunua kwanza na kupima baadaye. Tuliondoa kichujio cha hewa, dereva akakanyaga mafuta, tukaona petroli ikiruka kooni mwa kabureta. Basi, hapo hapana kosa. Tukang'oa plagi moja, tukaichomeka tena katika waya wake, tukailaza juu ya chuma cha injini mbali na tundu lake, maana mvuke wa petroli hutoka humo na waweza kushika moto. Dereva akazungusha. Cheche haikuonekana.

Koili hupokea volti 12 za betri na kuzikuza hata kupita 10,000. Lakini cheche huruka wakati vile vipande viwili vya chuma ndani ya distributa, ambavyo mafundi huviita pointi, vinapoachana, si vinapogusana. Vikishika uchafu, umeme haupiti, na koili haina cha kukuza. Tulipofungua kifuniko tulikuta nyuso zake zimepakaa majivu meupe. Tukazisugua kwa tupa nyembamba, tukazifuta kwa kitambaa kikavu, tukapima nafasi kati yake, nusu milimita kasoro kidogo. Cheche ikaja, ya buluu, ikilia kama kijiti kikavu kinachovunjika.

Hutokea pia betri dhaifu ikaizungusha injini, lakini stata ikala umeme wote, koili ikabaki na njaa. Hilo nalo lataka kupimwa. Lori la dizeli halina plagi za cheche wala pointi, na habari zake ni nyingine kabisa.

Injini iliwaka mara ya pili ya kuzungushwa. Mzee akaenda nyuma ya nyumba kumfungua mtamba, na vijana wakaanza kupakia.