Ndege Isiyo na Injini

Sisi tuliokulia Nduruma tumezoea kusikia ndege za watu wengine: ndogo zinazopeleka watalii mbugani kutoka kiwanja cha Kisongo, na kubwa zinazoshuka KIA. Ndege ya kwetu hatukuwahi kuiwaza. Huku chini, mbali na ubaridi wa Mlima Meru, mazungumzo ni vumbi, vitunguu na zamu ya maji ya mfereji. Kwa hiyo tulipoambiwa, likizo ya mwaka juzi, kwamba kuna mzee anaunda ndege katika banda lililo nyuma ya nyumba yake, tulicheka kama walivyocheka wengine.

Aliyetuambia hakucheka. Alikuwa mkewe. Alitungoja baada ya Misa, mafrateri watatu, akatuvuta pembeni. "Wajukuu zangu, nyie mnasoma falsafa. Nendeni mkaongee na babu yenu. Anataka kuuza shamba." Mzee ni Mlutheri, ndoa ya mseto kama zilivyo nyingi huku Meru. Mchungaji wake alishaongea naye akashindwa. Sasa ilikuwa zamu ya Wakatoliki.

Mzee alikuwa fundi wa ndege kwa zaidi ya miaka 30. Alipostaafu, sehemu kubwa ya kiinua mgongo chake aliagizia ndege ya kuunga mwenyewe. Inakuja katika makasha: mabati ya alumini yaliyokwisha kukatwa, michoro, mifuko ya nati na bolti, na maelfu ya ribiti. Ukimaliza unapata ndege ya viti viwili. Lakini injini haimo ndani ya makasha, inanunuliwa peke yake. Aliyoitaka ni Rotax 912 inayotengenezwa Austria, ambayo ndege nyingi ndogo za namna hii huitumia, na ikiwa mpya bei yake inazidi dola 15,000. Shamba alilotaka kuuza ni lile linaloguswa na mfereji. Mtu wa Nduruma hahitaji kuelezwa zaidi. Ardhi kavu tunayo tele. Ardhi yenye maji ndiyo inayogombanisha ndugu.

Tulikwenda na hoja yetu mkononi. Hapa hapa Arusha, mwaka 1983, Padre Pat Patten wa Shirika la Roho Mtakatifu alianzisha Flying Medical Service, na ndege zake ndogo zimepeleka chanjo na kubeba wagonjwa katika vijiji vya Wamaasai ambako gari hufika kwa shida. Ile ndiyo ndege, tulitaka kumwambia Mzee. Hii yako ni ya nani?

Tulimwamkia, akaitikia, akatutazama mikono. "Shikeni hapa kwanza," akasema, akatupa ncha ya bati refu. Jumamosi ikaisha hivyo. Na iliyofuata.

Kazi yenyewe ni ya kurudiarudia. Unatoboa tundu, unatenganisha mabati, unalainisha kingo za tundu, unayarudisha, unayabana, ndipo unatia ribiti. Kulainisha ndiko kunakochosha. Ncha ndogo ya chuma iliyobaki ukingoni mwa tundu inaweza kuwa chanzo cha ufa, na bawa hutikisika kila linaporuka. Mzee alipitisha kidole juu ya kila tundu, macho ameyafumba. Lililomkwaruza lilirudiwa. Bawa likishafungwa, mengi ya matundu hayo hakuna atakayeyaona tena kwa urahisi. (Waliozoea kutafuta mahubiri watakuwa wameshalipata moja hapo. Tunawaachia.)

Siku ya tatu ndipo tulipomuuliza faida. Akatusimulia sheria ya Marekani, ambako ndege za kuunga nyumbani ni nyingi kuliko kwingine kote. Kule, ili ndege ihesabiwe kuwa imeundwa na mtu binafsi, sehemu iliyo kubwa ya kazi lazima aifanye mwenyewe, na awe ameifanya kwa ajili ya kujielimisha au kujiburudisha tu. Hairuhusiwi kubeba abiria wa kulipa. Yaani sheria yenyewe inakutaka usiwe na faida! Tulipompelekea Bibi jibu hilo alisonya. "Elimu anayo. Kujiburudisha kuna bao."

Mzee alipenda pia kutusimulia habari za vijana wa Afrika Kusini. Mwaka 2019 kundi la vijana 20 waliunga ndege ya viti vinne aina ya Sling 4 kwa wiki tatu, kisha wakasafiri kutoka Cape Town hadi Cairo, wakipitia Tanzania. "Wao ishirini, na kiwanda kiko jirani," alisema. "Mimi nina mafrateri wa likizo."

Likizo iliyofuata tulidhani tutakuta shamba limeuzwa au ndege imeuzwa. Havikuwa vimeuzwa. Ndege ilikuwa imesimama nzima, imefunikwa turubai puani palipo wazi, mkia umeegemezwa juu ya pipa kwa sababu bila uzito wa injini hulala nyuma. Haijawahi kuruka, na tayari inatunzwa. Kila Jumamosi Mzee huzungusha matairi yasikae upande mmoja, hukagua nyaya kama panya hawajazionja, hufuta vumbi kwenye bawaba. Kisha huandika katika daftari tarehe, alichokagua na sahihi yake, hata pale ambapo hakukuta kitu.

Adui mkubwa ni nyigu. Chini ya bawa kuna kijibomba chembamba kinachopima mwendo wa ndege kwa upepo unaoingia, na nyigu wa udongo hukipenda kuliko mahali pengine popote. Mwaka 1996 ndege ya Birgenair ilianguka baharini karibu na Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, wakafa wote 189 waliokuwamo. Wachunguzi walishuku kwamba wadudu walikuwa wameziba kijibomba kama hicho. Cha Mzee kina kifuniko cha kitambaa chekundu chenye mkia mrefu, ili rubani asisahau kukitoa. Amekishona Bibi, kwa cherehani yake. Tulipomtazama akasema, "Nimekataa kuuza shamba. Sijakataa kushona."

Sisi wenyewe hatukukubaliana. Mmoja wetu aliona Mzee ni mbinafsi, hakuna la kumtetea. Mwingine alisema mtu aliyetengeneza ndege za wengine miaka 30 anaruhusiwa kuwa na moja. Wa tatu alirudi palepale: maji yale ni ya wajukuu. Hata hivyo kabla ya kurudi seminarini tulimwambia tulichotumwa. Tulimwambia waziwazi, tukiwa tumekaa juu ya makasha matupu: Babu, usiuze shamba. Alinyamaza muda. "Mngeniambia siku ile ya kwanza," akasema, "ningewafukuza."

Kikao cha ukoo kilikaa Agosti. Bibi alisema hatatia sahihi, na bila sahihi yake shamba haliuzwi. Wakakubaliana jambo moja: litalimwa vitunguu, na sehemu ya mauzo iwekwe kwa ajili ya injini, Bibi akiwa mtunza fedha. Tulikaa na kalamu tukapiga hesabu. Kwa mwendo ule Mzee atakuwa amevuka miaka 80, na bado kuna wakaguzi wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ambao lazima wairidhie kabla haijaruka. Tulimwonyesha karatasi. Akaisoma, akaikunja, akatuomba tumtafutie bei ya injini iliyokwishatumika, ambayo bado ina saa za kutosha kati ya zile 2,000 inazopaswa kufanya kazi kabla ya kufumuliwa.

Msimu huu bei ya vitunguu imeshuka. Bibi ameyaweka magunia bandani, chini ya bawa la kushoto, anangoja ipande.